Daftari Nililolipeleka Lourdes

Katika misioni nyingi za nchi yetu liko pango dogo la mawe, ambamo Bikira Maria amesimama amevaa nguo nyeupe na mshipi wa buluu. Pango letu liko nyuma ya kanisa, karibu na mto Lualaba. Lilijengwa na mapadri wa zamani pamoja na babu zetu, waliobeba mawe yake kichwani. Tangu utoto tumepiga magoti pale na kuwasha mishumaa, lakini wengi wetu hatujui vema pango hilo ni mfano wa mahali gani. Mwaka jana mimi nilipata bahati ya kufika mahali penyewe. Nataka kuwasimulia safari ile, wala si kwa sababu ya uzuri wa nchi ya Ulaya, bali kwa sababu ya daftari moja nililolibeba sandukuni mwangu.

Daftari hilo lilikuwa na habari za mama mmoja wa parokia yetu. Jina lake sitalitaja. Asubuhi moja mama huyu aliona mkojo wake umekuwa mweupe kama maziwa. Alishikwa na hofu, tena aliona haya, hata binti zake hakuwaambia. Siku nyingine mkojo ulirudi kuwa safi, naye akafurahi. Lakini baada ya karamu ya ndoa au ya ubatizo, weupe ule ulirudi tena. Miezi ikapita. Akakonda, nguvu zikamwishia, na majirani wakaanza kunong'ona juu ya uchawi. Mficha maradhi, kifo humfichua. Mwishowe alikwenda hospitalini, wakampima, wakamwandikia karatasi na kumwambia arudi baada ya mwezi mmoja. Hakurudi. Badala yake alianza novena mbele ya pango letu, na siku ya tisa mkojo wake ulikuwa safi kama maji ya chemchemi. Tangu siku ile imepita miaka mitatu, na ugonjwa haujarudi.

Watu wote walisema: Ni muujiza! Katekista wetu aliandika habari hiyo kwa mwandiko mzuri, na wazee wanane wakatia sahihi. Jimbo liliponichagua niwe mmoja wa mahujaji, wazee walinijia na daftari wakisema: «Mwalimu, walipe madaktari wa Lourdes, ili nasi tuandikwe katika kitabu chao.» Nami, nisifiche kitu, nilitamani sana jambo hilo. Ni nani asiyependa parokia yake itajwe mbali?

Walakini kulikuwa na jambo jingine. Kijana mmoja wa kijiji chetu, fundi wa baiskeli, alikuwa na mguu uliovimba tangu mwaka uliotangulia. Kila mara homa ilimpiga, na mguu ukazidi kuwa mzito. Muuguzi alimwambia aende hospitalini. Lakini rafiki zake walimwambia: «Kwa nini uende mbali? Fanya kama Mama yule. Sali tu, ungoje.» Naye alingoja. Nilipokuwa nikiondoka nilimwona ameketi mbele ya nyumba yake, mguu wake umefunikwa kwa kitambaa. Aliniinulia mkono, akasema: «Mwalimu, unitajie kule.»

Tulipanda ndege Kindu, tukalala Kinshasa, kisha tukavuka jangwa la Sahara na bahari ya Mediteranea usiku. Kutoka Paris tulisafiri kwa treni karibu saa tano, tukipita Bordeaux, Dax na Pau. Nchi ile kwanza ni tambarare, yenye mizabibu na misitu ya misonobari. Halafu upande wa kusini milima hutokea ghafula kama ukuta: hiyo ndiyo milima ya Pyrenees, inayogawanya Ufaransa na Hispania. Chini yake umelala mji wa Lourdes, na katikati ya mji unapita mto Gave, mto mdogo ukiufananisha na Lualaba wetu, lakini wenye mbio na baridi kali, kwa kuwa maji yake yanatoka katika theluji.

Tulifika katika juma la sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Sijapata kuona wagonjwa wengi namna ile mahali pamoja. Walikuja katika viti vya magurudumu, katika vitanda, na katika vigari vya buluu vinavyovutwa na vijana waliojitolea. Nilimwona mzee wa heshima, aliyevaa tai, akimvuta mtoto aliyelemaa huku akitoa jasho. Kule Lourdes mgonjwa hupita mbele, na mzima humngoja. Hilo peke yake ni somo lenye thamani ya safari nzima.

Pango lenyewe linaitwa Massabielle. Ni jabali kubwa jeusi kando ya mto, na ukuta wake umekuwa laini kwa sababu ya mikono ya watu waliougusa kwa muda wa zaidi ya miaka 160. Hapo ndipo Bernadette Soubirous, msichana wa miaka 14, alipomwona Bibi mara 18, tangu tarehe 11 Februari hadi 16 Julai mwaka wa 1858. Baba yake alikuwa msagaji aliyefilisika, na jamaa yote ilikaa katika chumba kimoja kilichokuwa jela zamani, kikaachwa kwa ajili ya ubovu wake. Nilikiingia chumba hicho: darasa langu ni kubwa kukishinda mara tatu. Bernadette hakujua Kifaransa vizuri. Bibi alisema naye kwa lugha ya nyumbani kwake, lugha ambayo wenye elimu waliidharau.

Tarehe 25 Februari msichana huyo alichimba udongo kwa mikono yake, na chemchemi ikatokea. Wanafunzi wangu huniuliza daima: «Mwalimu, maji yale yana dawa gani?» Jibu liko tangu zamani. Mwaka ule ule wa 1858 profesa Filhol wa Toulouse aliyapima, akakuta ni maji ya kunywa kama mengine ya milima ile, yasiyo na kitu chochote cha kuponya. Kanisa halikulificha neno hilo. Tulinawa mikono na uso, tukanywa. Yalikuwa matamu na baridi, wala hayakuwa zaidi ya maji.

Nilishangaa pia kujifunza jinsi viongozi wa Kanisa walivyokuwa wagumu wa kuamini. Paroko Peyramale alimpokea Bernadette kwa ukali, akamwambia amwulize Bibi jina lake. Askofu Laurence aliweka tume ya uchunguzi mwezi wa Julai 1858, akakata neno tarehe 18 Januari 1862 tu. Katika habari nyingi za wagonjwa waliosemekana kupona, alikubali saba peke yake. Mwaka wa 1883 ikaanzishwa ofisi ya madaktari, ambayo ingali ikifanya kazi hata leo. Daktari yeyote anayefika Lourdes, awe Mkristu au asiwe, anaweza kuingia na kuchunguza pamoja na wenzake.

Siku ya tatu nililichukua daftari langu, nikaenda kuulizia mambo ya ofisi hiyo. Moyo wangu ulikuwa na matumaini, kwa sababu ya hadithi moja tuliyosimuliwa seminarini na padri mzee Mbelgiji. Huko Jabbeke, katika nchi ya Flanders, aliishi mfanyakazi jina lake Pierre de Rudder. Mwaka wa 1867 mti ulimwangukia, ukamvunja mguu, na kwa muda wa miaka minane mifupa haikuungana. Tarehe 7 Aprili 1875 alikwenda kusali Oostakker, karibu na mji wa Gent, mahali palipojengwa pango la mfano wa Lourdes kama letu. Akasimama, akatembea. Alipokwisha kufa mwaka wa 1898, kaburi lake lilifunguliwa mwaka uliofuata, mifupa ikatazamwa na madaktari, wakaona jinsi ilivyoungana. Hata hivyo Askofu wa Brugge alitangaza muujiza huo mwaka wa 1908, yaani miaka 33 baada ya kupona kwake! Mimi niliwaza: Ikiwa pango la Oostakker lilikubaliwa, kwa nini pango la Lualaba lisikubaliwe?

Kabla sijapeleka daftari, nilikutana na daktari mmoja mzee, Mfaransa, aliyekuja na wagonjwa wa jimbo lake kama afanyavyo kila mwaka. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Bara Hindi. Nilipomweleza shauri langu, alinikaribisha kuketi naye kwenye benchi, chini ya miti ya kando ya mto. Akavaa miwani.

Maandishi ya katekista nilimtafsiria kwa Kifaransa, neno kwa neno. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaligeuza daftari, akaona karatasi iliyokunjwa nyuma. Ilikuwa ile karatasi ya hospitali. Katekista hakuitaja katika maandishi yake, kwa maana aliona haina kazi. Daktari aliisoma kwanza, akaisoma mara ya pili.

«Bwana Mwalimu,» akasema, «hospitali yenu imefanya kazi njema. Ugonjwa huu unaitwa kiluria. Huku Ulaya madaktari wengi hawajapata kuuona hata mara moja. Bara Hindi mimi niliuona mara nyingi.»

Ndipo alipoanza kunifundisha, nami nitawapa wasomaji kama nilivyopokea.

Mwili wetu una mito ya namna mbili. Mmoja ni wa damu, na kila mtu anaujua. Wa pili ni wa maji yaitwayo limfu, ambayo hupita katika mishipa myembamba sana. Tukila mafuta, hayaingii katika damu moja kwa moja. Mishipa ya limfu iliyo katika utumbo huyapokea, na hapo maji yake huwa meupe kama maziwa. Yanapanda kifuani, na karibu na shingo, upande wa kushoto, yanamwagika katika damu. Hiyo ndiyo njia yake halali. Lakini njia ikizibwa au kuharibika, maji hujaa nyuma, kama vile Lualaba ufanyavyo magugu yanapoziba mkono wake mmoja: mto hupasua ukingo na kuingia mashambani. Mishipa midogo iliyo karibu na figo ikipasuka namna hiyo, limfu huingia katika njia ya mkojo. Mgonjwa hutokwa na mafuta na chakula cha mwili wake kila anapokwenda haja, kwa hiyo hukonda ingawa anakula.

Na ni nani anayeharibu njia? Mara nyingi ni mnyoo mwembamba kama uzi, unaoletwa na mbu. Mwaka wa 1866, huko Bahia katika nchi ya Brazili, daktari Otto Wucherer alitazama kwa hadubini mkojo mweupe wa mama mmoja, akaona humo vijinyoo vidogo vilivyo hai. Miaka michache baadaye Timothy Lewis aliviona vilevile Calcutta, kwanza katika mkojo, kisha katika damu. Joseph Bancroft aliupata mnyoo mkubwa wenyewe huko Brisbane, Australia, mwaka wa 1876. Na mwaka wa 1877 Patrick Manson, aliyekuwa Amoy katika nchi ya China, aligundua ya kuwa vijinyoo hivyo huingia ndani ya mbu na kukua humo. Ndiyo sababu hospitali hupima damu ya mgonjwa usiku: mahali pengi vijinyoo hutokea katika damu usiku, saa ambazo mbu huuma.

«Mnyoo huohuo,» akaongeza daktari, «ndio unaoleta matende ya miguu.»

Niliposikia hayo, nilimkumbuka yule fundi wa baiskeli, ameketi mbele ya nyumba yake.

Halafu daktari aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. «Mama huyu alikula nini siku zile tisa?»

Nikafungua daftari. Katekista aliandika jambo hilo kwa fahari, kama ushuhuda wa ibada: Mama alifunga kweli kweli; hakuonja mawese, wala karanga, wala nyama, wala sombe yenye mafuta; alikula wali mtupu na chumvi; alilala mkekani karibu na sanamu, na binti zake walifanya kazi zote.

Daktari alitabasamu, lakini si kwa dharau. «Bwana Mwalimu, hiyo ndiyo dawa ya kwanza tunayowapa wagonjwa wa kiluria: waache mafuta, wapumzike. Tena ugonjwa huu una tabia yake. Wagonjwa wengi huona weupe umekoma wenyewe, bila mtu kujua sababu. Kwa wengine hurudi baada ya miezi, kwa wengine baada ya miaka mingi, kwa wengine haurudi kamwe.»

Nilinyamaza. Yeye akaendelea kunieleza kanuni ambazo madaktari wa Lourdes huzifuata. Ziliandikwa na Prospero Lambertini katika kitabu alichokitoa kati ya mwaka wa 1734 na 1738, kabla hajachaguliwa kuwa Baba Mtakatifu Benedikto XIV. Ugonjwa uwe mzito, wenye kutibika kwa shida au usiotibika. Usiwe umefika mahali ambapo ungeweza kupungua wenyewe. Dawa ziwe hazikutumiwa, au hazikufaa kitu. Kupona kuwe kwa ghafula, kuwe kamili, na ugonjwa usirudi tena. Madaktari wenyewe hawasemi kamwe neno «muujiza». Wao husema tu kwamba kupona huku hakuelezeki kwa elimu ya sasa. Ndipo Askofu wa jimbo la mgonjwa hupima kama kuna ishara ya Mungu. Ofisi ile imepokea habari za watu zaidi ya 7,000 waliosema wamepona. Kufikia mwaka wa 2025 Maaskofu wamekubali miujiza 72 tu. Sista Bernadette Moriau, aliyeteswa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu ya mgongo, alipona mwaka wa 2008, na Askofu wa Beauvais alitangaza muujiza wake mwaka wa 2018, baada ya miaka kumi ya uchunguzi.

«Basi,» nikauliza, «wewe unaweza kueleza kwa nini Mama yetu alipona?»

Mzee yule alivua miwani yake. «Kwa nini weupe ulipungua siku zile, naweza kueleza: hakula mafuta. Kwa nini mpasuko ulijifunga, ukabaki umefungwa miaka mitatu ingawa sasa anakula kama watu wote, hilo siwezi kulieleza. Lakini kutoelezeka kwa daktari mmoja si muujiza bado. Mwambie Mama amshukuru Mungu kwa moyo wote. Na mwambie pia arudi hospitalini kupimwa.»

Wasomaji wapenzi, nitawaficha nini? Nilisikia uchungu. Niliona kama nimenyang'anywa zawadi ya watu wangu mikononi mwangu. Daftari nilirudisha katika mfuko, wala sikulipeleka ofisini.

Jioni ile, saa tatu usiku, yalianza maandamano ya mishumaa. Maelfu ya watu walitembea taratibu wakisali Rozari kwa lugha nyingi, na kila mshumaa umezungukwa na karatasi ili upepo usiuzime. Nyuma yangu nilisikia kikundi cha Wakongo wanaokaa Ulaya wakisali kwa Kilingala, na mbali zaidi mtu akiitikia kwa Kiswahili, machozi yakanilengalenga. Mbele yetu walikuwa wagonjwa. Nilijua ya kuwa karibu wote watarudi kwao na magonjwa yao. Hata hivyo nyuso zao hazikuwa nyuso za watu waliodanganywa.

Ndipo nilipomfikiri Bernadette mwenyewe. Tangu utoto alikuwa na pumu. Baadaye, alipokuwa sista huko Nevers, kifua kikuu kiliingia katika mfupa wa goti lake. Yeye aliyeichimba chemchemi hakuponywa. Alikufa tarehe 16 Aprili 1879, akiwa na miaka 35, na mwaka wa 1933 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu. Alipohojiwa na polisi, na paroko, na tume ya Askofu, alisema yale aliyoyaona, wala hakuongeza neno ili apendwe. Sisi katika daftari letu hatukusema uwongo, la. Lakini tuliacha karatasi nje ya habari, na hiyo ni njia ya kuufikia uwongo bila kuutaja. Wazee husema: Njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa na urefu wa kutoka Lualaba hadi benchi lile la kando ya mto Gave.

Niliporudi nyumbani, nilikwenda kwanza kwa Mama, kabla ya kwenda kwa wazee. Nilimkuta akipepeta mchele.

«Jambo, Mama.»

«Jambo, Mwalimu. Karibu, keti. Wamesema nini wale madaktari?»

Nilimweleza yote: mnyoo, mbu, mishipa, mafuta ya mawese, na kanuni za Lambertini. Aliuweka ungo chini. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikaogopa kwamba nimemvunja moyo.

«Kwa hiyo wamekataa,» akasema.

«Hawakukataa, Mama. Sikuwapelekea. Daktari alisema ugonjwa wako huweza kukoma wenyewe, basi hatuwezi kuapa kwamba ni muujiza.»

«Mwanangu,» akajibu, «siku ya tisa mimi nilimshukuru Mungu. Sikumwuliza amepita njia gani. Ninyi ndio mliotaka kujua njia.» Kisha akanitazama. «Na yule fundi wa baiskeli, mguu wake umetoka na mnyoo huohuo?»

«Daktari hakumwona, Mama. Lakini huenda ndivyo.»

Alisimama, akajifunga kitenge chake. Tukaenda pamoja. Kijana alipotuona, alijaribu kuinuka. Mama alimzuia, akaketi karibu naye, akamwambia maneno ambayo sitayasahau: «Mwanangu, wamekusimulia novena yangu, lakini hawakukusimulia karatasi yangu. Mimi nilikwenda hospitalini, wakanipima. Nilisali, ndiyo, tena sikula mafuta, nikapumzika. Wewe unangoja kitu ambacho mimi mwenyewe sikukifanya. Nenda. Mimi nitaanza novena siku utakayoondoka, nitaimaliza ukiwa huko.»

Kijana aliondoka Jumanne iliyofuata, akichukuliwa juu ya baiskeli aliyoitengeneza mwenyewe. Hospitalini walikuta kwamba mguu ule ni wa matende kweli. Walimpa dawa baada ya kumpima, wakamfundisha kuuosha kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha vizuri hata katikati ya vidole, kutibu kila kidonda kidogo, na kuuinua anapolala. Mguu haukurudi kuwa kama wa zamani, nao hawakumwahidi hivyo. Lakini homa zimepungua, viatu vinaingia, naye amefungua tena kazi yake. Mama alikwenda naye kupimwa mara ya pili. Mkojo wake ungali safi.

Hapa nawaomba wasomaji, hasa wazazi na wanafunzi wakubwa, mshike mambo machache. Mtu akiona mkojo wake umekuwa mweupe, asione haya, wala asimtafute mchawi. Aende apimwe, kwa maana si kila weupe ni kiluria, na magonjwa mengine huleta dalili kama hiyo. Wote walale ndani ya chandarua. Wagawaji wa dawa za matende wanapopita kijijini, tuwapokee na kuwasikiliza. Lakini tusinunue dawa za minyoo sokoni na kuzimeza kwa akili zetu wenyewe, kwani katika sehemu za nchi yetu kuna mnyoo mwingine, uitwao loa, na mtu mwenye mnyoo huo mwingi akinywa dawa isiyomfaa anaweza kupata hatari ya ubongo. Nchi ya Togo iliyashinda matende mwaka wa 2017, na Malawi mwaka wa 2020, hata si tatizo kubwa tena la afya ya watu wao. Nasi hatushindwi.

Jumapili moja baada ya Misa, Baba Paroko alinitaka niwaeleze watu wote. Niliogopa kwamba katekista wetu atachukizwa. Lakini mzee yule mwenye heshima alinijia jioni, akaliomba daftari, akakaa nalo usiku kucha. Asubuhi alinirudishia. Katika ukurasa mpya, kwa mwandiko wake ule ule mzuri, alikuwa ameandika habari za hospitali, na karatasi, na chakula cha siku tisa, na maneno ya daktari mzee. Chini yake akatia sahihi, akaacha nafasi nane kwa wazee.

Wote wanane wametia sahihi. Daftari sasa limehifadhiwa katika kabati la parokia. Halitaandikwa Lourdes, lakini mtoto yeyote wa parokia yetu akilisoma, atapata habari nzima. Na katika pango la nyuma ya kanisa mishumaa inawaka kama zamani. Mama huja pale kila Jumamosi, huwasha mmoja kwa ajili yake, na wa pili kwa ajili ya fundi wa baiskeli.

Mama Bikira Maria wa Lourdes, utuombee.